Sura ya Sita: Madirisha Matatu, Mfupa Mmoja

Tala ni mji wa soko. Barabara ya Kangundo inayotoka Nairobi inaupitia, na siku ya soko wakulima wa Matungulu na vijiji vilivyo upande wa mlima wa Kilimambogo hushusha maembe, parachichi, ndengu, kunde na mahindi. Anayekuja kuuza huwa na shughuli nyingine pia: kununua mbegu, kulipa karo, kumwona fundi wa viatu, na kabla ya kupanda matatu ya kurudi nyumbani, kupitia kemisti.

"Daktari, nipe zile za magoti."

"Zipi, mama?"

"Zile ndogo nyeupe. Zile za mwezi uliopita."

Yule anayeitwa daktari huenda si daktari, lakini jina hilo humfuata kila mtu anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa. Huhesabu vidonge kwa kisu kidogo juu ya sinia ya plastiki, huvitia kwenye bahasha ya kaki, huandika "1 x 3" kwa kalamu ya wino, na mteja hulipa na kuondoka. Mara nyingine vidonge hivyo ni vya maumivu tu. Mara nyingine ndani yake mna prednisoloni au deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi ambazo kwa sheria zapaswa kuandikwa na daktari. Magoti hutulia kwa siku mbili, usingizi hurudi, na mteja husifu kemisti ile kwa majirani.

Hakuna aliyemuuliza ametumia dawa hizo tangu lini. Sura hii inahusu swali hilo, na madirisha matatu ambako dawa za namna hii hutolewa. Dawa nyingi zinazodhoofisha mifupa hazina madhara makubwa zikitumiwa kwa wiki moja. Hatari yake iko kwenye muda, na muda ndicho kitu ambacho bahasha ya kaki haina mahali pa kukiandika.

Kazi isiyokoma

Wengi tunauona mfupa kama jiwe lililomo mwilini: liko pale, limekomaa, kazi yake ni kubeba mwili. Kumbe mfupa ni hai, na haupumziki. Kila mwaka, takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya.

Mkulima wa Machakos anaielewa kazi hii kuliko wengi, kwa sababu milima ya huku imeshikiliwa na matuta ya fanya juu. Mtu huchimba mtaro kwenye kontua na kurusha udongo upande wa juu, na tuta likawa hapo. Lakini mvua ya Novemba hula tuta, panya hulitoboa, ng'ombe hulikanyaga. Kila mwaka lazima mtu apite na jembe, aondoe palipooza, ajaze upya. Tuta lililosimama miaka 40 limesimama kwa sababu limerudiwa kila mwaka.

Mwilini kazi hiyo hufanywa na vikosi viwili vya seli. Osteoklasti huchimba mfupa uliochakaa, na osteoblasti hujaza shimo kwa mfupa mpya. Kuchimba huchukua wiki chache, kujaza huchukua miezi. Katika ujana wajazaji huwashinda wachimbaji, na mfupa hufikia uzito wake wa juu kabisa mtu akiwa na miaka ishirini na kitu hadi thelathini hivi. Kuanzia hapo hesabu hubadilika polepole. Kwa wanawake hubadilika kwa kasi hedhi inapokoma, kwa kuwa homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wachimbaji imepungua.

Dawa inayodhoofisha mfupa huingilia kati ya vikosi hivyo viwili. Inaweza kuwaongeza wachimbaji, kuwapunguza wajazaji, au kuzuia madini ya kujazia yasifike. Mwenye mfupa hahisi chochote. Mfupa unaopungua hauumi, hauvimbi, wala hauleti homa. Dalili ya kwanza huwa ni kuvunjika: mama anateleza njiani baada ya mvua, anajizuia kwa kiganja, na kifundo cha mkono kinavunjika kwa mwanguko ambao hapo zamani ungemchafua nguo tu. Au pingili za uti wa mgongo zinajikunja moja baada ya nyingine, mtu anafupika na kupinda mgongo, na watu wa nyumbani wanasema ni uzee. Kuvunjika nyonga ndiko kubaya zaidi. Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi harudi kutembea kama alivyokuwa, na wengine hawamalizi mwaka.

Dirisha la kwanza: kemisti

Steroidi zilianza kwa muujiza. Mnamo Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Rochester, Minnesota, daktari Philip Hench alimdunga kotisoni mwanamke kijana ambaye baridi yabisi ilikuwa imemfanya asiweze kutembea. Baada ya siku chache alikuwa akitembea. Mwaka wa 1950 Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini onyo lilikuwepo tayari. Mwaka wa 1932 daktari wa upasuaji Harvey Cushing alikuwa ameeleza hali ya wagonjwa ambao miili yao hutengeneza homoni hizo kupita kiasi: uso wa mviringo, mafuta mgongoni, ngozi nyepesi, na mifupa inayovunjika. Kotisoni ilipoanza kutolewa kwa miezi na miaka, madaktari waliyaona maradhi ya Cushing yakitoka kwenye chupa.

Kwa mfupa, steroidi huleta hasara kutoka pande kadhaa kwa pamoja. Hupunguza idadi ya wajazaji na kufupisha maisha yao. Hupunguza kalsiamu inayofyonzwa kutoka kwenye chakula na kuongeza ile inayotoka kwenye mkojo. Hudhoofisha misuli ya mapaja, kwa hiyo mtu huanguka kwa urahisi zaidi. Na hasara hiyo huja mapema: mfupa hupotea kwa kasi zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza, na uti wa mgongo ndio huumia mwanzo.

Wataalamu wa maradhi ya viungo wa Marekani wanashauri kwamba kila mtu mzima atakayemeza prednisoloni ya miligramu 2.5 au zaidi kila siku kwa miezi 3 apimwe uwezekano wa kuvunjika mifupa. Turudi sasa kwenye bahasha. Kidonge cha kawaida cha deksamethasoni cha miligramu 0.5 kina nguvu ya zaidi ya miligramu 3 za prednisoloni. Ukiandikiwa "1 x 3", kwa siku umemeza kiasi cha miligramu 10 za prednisoloni, mara nne ya kile kinachomfanya daktari makini aanze kuuliza habari za mifupa. Na bahasha hiyo hurudiwa mwezi baada ya mwezi, kwa sababu dawa hutuliza goti bila kulitibu. Goti lililochakaa kwa kubeba mizigo na kulima mteremko halihitaji steroidi ya kumeza kabisa.

Steroidi si sumu. Mtu mwenye pumu iliyombana, mwenye lupasi, mtoto ambaye figo zake zinavuja protini, mtu aliyepandikizwa figo, wote hawa huokolewa nazo. Dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo huingiza kiasi kidogo sana kwenye damu, na kuiacha kwa kuogopa mifupa ni kosa linaloweza kuua. Na aliyemeza steroidi kwa wiki nyingi asiiache ghafla. Tezi za juu ya figo, ambazo hutengeneza homoni hiyo, huwa zimelala, na mtu anaweza kuzimia kwa kushuka shinikizo la damu. Hupunguzwa kwa hatua, chini ya macho ya daktari.

Dirisha la pili: uzazi wa mpango

Sindano ya miezi mitatu, ambayo wengi huiita Depo kwa kufupisha jina la Depo-Provera, imewafaa wanawake wa Kenya kwa njia ambayo mwanamume huenda asiielewe. Haihitaji kukumbukwa kila siku, haionekani mkononi, na mume mgumu hana haja ya kujua. Utafiti wa kitaifa wa KDHS wa 2022 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya kila watano walio kwenye ndoa hutumia sindano. Hakuna njia nyingine iliyoipita.

Sindano hiyo huzuia yai kukomaa, na kwa kufanya hivyo hushusha estrojeni. Estrojeni ikishuka, wachimbaji wa mfupa hupata nafasi. Mnamo Novemba 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza Depo-Provera iwekewe onyo zito kabisa kwenye karatasi yake: mfupa hupungua, hupungua zaidi kadiri miaka inavyoongezeka, na isitumiwe zaidi ya miaka 2 ila pale njia nyingine hazifai. Shirika la Afya Duniani liliipima hatari hiyo dhidi ya hatari ya mimba zisizotarajiwa na kufikia uamuzi tofauti: kwa wanawake wa miaka 18 hadi 45 hakuna kizuizi, na kwa walio chini au juu ya hapo faida kwa kawaida huzidi hatari.

Mashirika hayo mawili yaliangalia ukweli uleule. Katika miaka 5 ya sindano mwanamke mzima hupoteza takriban asilimia 5 hadi 6 ya uzito wa mfupa kwenye uti wa mgongo na nyonga. Akiacha, mwingi wa mfupa huo hurudi, ingawa nyonga huchelewa. Kwa mwanamke wa Marekani, mwenye bima na njia nyingi za kuchagua, miaka 2 ni onyo la busara. Kwa mwanamke wa kijijini ambaye mimba ya sita inaweza kumuua, onyo hilohilo likisomwa kwa haraka linaweza kumwondolea kinga pekee anayoiweza. Kinachofaa ni muuguzi kujua idadi ya miaka. Msichana wa miaka 16 ambaye mifupa yake bado inajengwa, na mama wa miaka 46 anayekaribia kukoma hedhi, wanastahili mazungumzo tofauti na mama wa miaka 30. Kipandikizi na koili zipo, na koili ya shaba haina homoni yoyote.

Kadi ya uzazi wa mpango ina tarehe. Hapa dirisha la pili linalizidi la kwanza. Lakini kadi hupotea, kituo hubadilishwa, na kila kadi mpya huanza kuhesabu kutoka mwanzo.

Dirisha la tatu: CCC

Kwenye CCC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kumbukumbu ndizo bora kuliko zote. Faili lina tarehe ya kuanza dawa, uzito, kiasi cha virusi, na kila badiliko la dawa. Na hapa ndipo dawa ina sababu kubwa kuliko zote za kuwepo.

Kenya ina watu takriban milioni 1.4 wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Tangu 2016 mwongozo wa taifa unataka kila anayepimwa na kupatikana na virusi aanzishiwe dawa mara moja, na watu wazima wengi sasa humeza TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Tenofoviri ilichukua nafasi ya stavudini, dawa ya zamani iliyokausha mashavu ya watu na kuwachoma nyayo. Waliopitia stavudini hawahitaji kuambiwa ubora wa tenofoviri.

Hata hivyo tenofoviri ina bei yake. Kwa baadhi ya watu huzifanya figo zivujishe fosfeti, madini ambayo pamoja na kalsiamu ndiyo saruji ya mfupa. Isitoshe, mtu anapoanza dawa yoyote ya virusi hivyo (ARV), kinga ya mwili inapoamka, mfupa hupungua kwa muda. Vyote kwa pamoja huondoa asilimia 2 hadi 6 ya mfupa, sehemu kubwa ikiwa ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili, kisha hali hutulia. Virusi vyenyewe, visipotibiwa, navyo huula mfupa. Kwa hiyo anayewaza kuacha TLD ili kuokoa mifupa atapoteza mifupa na uhai kwa pamoja.

Jambo jipya ni umri. Aliyeanza ARV akiwa na miaka 35 mwanzoni mwa karne hii, wakati ambapo jirani zake walimhesabia siku, leo ana zaidi ya miaka 55. Ushindi huo umemleta mahali ambapo mfupa huanza kudai haki yake.

Mwanamke mmoja

Kuna madirisha mengine, na nitayapita haraka. Dawa za kifafa za muda mrefu, fenobabitali, fenitoini na kabamazepini, huliamsha ini livunje vitamini D kwa kasi. Omeprazoli, ambayo watu humeza kwa miaka kwa sababu ya asidi bila kuandikiwa, iliwekewa na FDA onyo la kuvunjika mifupa mwaka wa 2010. Baadhi ya dawa za saratani ya matiti na ya tezi dume hukata homoni zinazoulinda mfupa, na hapo daktari wa saratani anapaswa kuupima mfupa tangu mwanzo.

Lakini taabu kubwa ni pale madirisha yanapokutana kwa mtu mmoja. Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 54. Alitumia sindano ya miezi mitatu kutoka miaka 28 hadi 44. Alianza ARV akiwa na miaka 38. Hedhi ilikoma akiwa na 49. Magoti yalipoanza kumsumbua, akawa mteja wa bahasha za kaki. Kila dirisha lilimhudumia kwa nia njema, na hakuna dirisha lililojua habari za mengine. Muuguzi wa sindano hakuambiwa kuhusu ARV, kwa sababu ya aibu. CCC haikuambiwa kuhusu vidonge vya magoti, kwa sababu mgonjwa hakuviona kuwa dawa kubwa. Ni mfupa pekee uliobeba hesabu zote.

Jambo hili limepimwa karibu nasi. Nchini Uganda, watafiti wakiongozwa na Flavia Matovu Kiweewa waliwafuata kwa miaka 2 wanawake wanaoishi na virusi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2022. Waliotumia tenofoviri pamoja na sindano ya miezi mitatu walipoteza mfupa mwingi zaidi kuliko waliotumia tenofoviri bila sindano hiyo.

Linalowezekana Tala

Kipimo kamili cha uzito wa mfupa huitwa DXA. Ni eksirei hafifu ya nyonga na uti wa mgongo, na kwa kawaida mkaazi wa Tala atalazimika kwenda Nairobi. Lakini mengi hutangulia DXA. Pima urefu wako kila mwaka. Aliyepungua sentimita 4 au zaidi tangu ujana amwone daktari. Kipimo cha kriatinini cha figo ni haki ya anayetumia tenofoviri. Aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kutoka kimo chake tu, asikubali kufungwa plasta na kurudishwa nyumbani bila kuulizwa anatumia dawa gani. Hilo liulizwe katika hospitali ya Kangundo, na pia ya Machakos Level 5.

Kwa chakula, mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1,200. Glasi moja ya maziwa ina takriban 300. Unga wa wimbi una zaidi ya 300 kwa kila gramu 100, kwa hiyo uji wa wimbi wenye maziwa ni kinga halisi. Omena wanaoliwa na mifupa yao, sukuma wiki na kunde huongeza. Muthokoi na maharagwe hushibisha vizuri, lakini peke yake hayafikishi hesabu hiyo. Jua la Tala, nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, hutosha kwa vitamini D kwa anayetoka nje. Mgonjwa au mzee anayeshinda ndani ndiye wa kuangaliwa.

Anayemeza TLD na kununua vidonge vya kalsiamu ajue hili: kalsiamu huishika dolutegraviri tumboni na kuipunguzia nguvu. Ameze vyote pamoja na chakula, au TLD imezwe saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake. Vivyo hivyo kwa vidonge vya madini ya chuma. Lakini dawa za asidi zenye magnesi au alumini zisimezwe pamoja na TLD hata kwa chakula: TLD imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake.

Mwenye mfupa uliokwisha kupungua sana ana tiba. Alendronati, kidonge cha mara moja kwa wiki, huwatuliza wachimbaji. Humezwa asubuhi kwa maji matupu kabla ya chakula, na mtu hukaa wima nusu saa asije akachomeka koo. Haiwafai wenye figo dhaifu sana, na kwa anayeweza kushika mimba lazima daktari apime kwanza. Kutembea na kubeba mizigo ya kiasi huimarisha mfupa. Taa ya njia ya chooni usiku, na viatu visivyoteleza, husaidia kuzuia kuanguka na kuvunjika nyonga.

Hakuna kati ya haya linalowezekana bila kujua muda, na kwa sasa hakuna ofisi inayokutunzia muda huo wote. Kwa hiyo itunze wewe. Nunua daftari dogo la shule. Andika jina la kila dawa unayomeza au kudungwa, kiasi chake, sababu yake, na mwezi na mwaka ulioanza. Kama kemisti hawezi kukuandikia jina la kilichomo kwenye bahasha, usikinunue. Mwandikie hivyo mama yako pia, kwa kuwa huenda macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Kisha liweke daftari hilo mbele ya kila dirisha, hata lile ambalo unaona haya kutaja jambo fulani, na umuulize anayekuhudumia: nimetumia hii kwa miaka hii yote, je, mifupa yangu iko salama?